Kumtafuta Bundi wa Sokoke: Mwongozo kwa Mpenzi wa Ndege

Ukitoka Mombasa kwenda Malindi, baada ya kuvuka Kilifi, mkono wa kushoto wa barabara unaanza kuona msitu. Huo ni Arabuko-Sokoke, wenye ukubwa wa kilomita za mraba 420 hivi, mkubwa kuliko misitu yote mikavu ya pwani iliyosalia Afrika Mashariki. Katika sehemu moja tu ya msitu huo anaishi bundi mwenye urefu wa sentimita 16 hadi 18 na uzito wa gramu 50 hivi, sawa na yai dogo la kuku. Ukimwacha huyo wa Arabuko, jamaa zake wengine wanajulikana hasa kwenye misitu ya chini ya Usambara Mashariki, mkoani Tanga. Shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, limemweka katika orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka.

Wapenzi wa ndege huvuka bahari kuja kumwona. Sisi tulio jirani naye, kuanzia Tanga hadi Nairobi, tunaweza kumfikia kwa basi, na bado wengi wetu hatujawahi kusikia habari zake. Mwongozo huu ni wa yule anayetaka kwenda kumwona kwa namna itakayomwacha bundi salama na msitu ukiwa na faida kwa wanaoishi kando yake.

Mjue kabla hujafunga safari

Kisayansi anaitwa Otus ireneae. Alielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1966 na Mmarekani S. Dillon Ripley, mtaalamu wa ndege aliyekuwa akiongoza taasisi ya Smithsonian. Ana vishungi viwili vidogo kichwani vinavyofanana na masikio, na macho ya manjano. Rangi yake si moja. Wapo wa kijivu, wapo wa kahawia, na wapo wekundu kama udongo wa Magarini. Wote ni aina moja, na huweza kukaa tawi moja. Jambo hili likumbuke, maana wageni wengi huja na picha ya bundi mwekundu kichwani, kisha wakionyeshwa wa kijivu wanadhani wamedanganywa.

Chakula chake kikubwa ni wadudu. Mchana hulala kwenye vichaka vilivyosongamana, mara nyingi chini sana, kimo cha mtu au kasoro. Jua likishazama huanza kuita: mluzi mwororo, gu, gu, gu, gu, wenye mapigo yaliyopangana sawasawa. Tafuta sauti hiyo mtandaoni, kwenye mkusanyiko wa sauti za ndege wa Xeno-canto au programu ya Merlin, uisikilize nyumbani mpaka uizoee. Msituni usiku masikio hufanya kazi kuliko macho.

Jifunze pia sura ya msitu wenyewe. Arabuko-Sokoke umegawanyika kufuata udongo na mvua. Mashariki, karibu na bahari, mvua hufika milimita 1,000 kwa mwaka na zaidi, na huko kuna msitu mchanganyiko wenye miti kama mbambakofi. Katikati, kwenye mchanga mweupe, ndiko iliko mirihi, miti mirefu iliyoachana kiasi cha kupitisha jua. Magharibi udongo ni mwekundu, mvua hupungua, na hapo mti unaotawala ni Cynometra webberi, usio mrefu lakini wenye matawi yaliyofumana mno. Huko magharibi ndiko kwa bundi. Anayekaa siku nzima kwenye mirihi akimsubiri atarudi mikono mitupu, hata awe na darubini ya bei gani.

Mipaka hii ndiyo inayomfanya awe adimu. Hawezi kuhamia shamba la mnazi wala kichaka cha mikorosho. Cynometra ikikatwa, hana kwa kwenda. Huaminika pia kwamba hutaga kwenye matundu ya miti, na miti mikubwa yenye matundu, ukiwemo muhuhu unaopendwa sana na wachongaji wa vinyago, imekatwa kwa miaka mingi.

Wakati wa kwenda

Epuka Aprili na Mei. Masika ya pwani hupiga kwa nguvu, na njia za udongo mwekundu hugeuka utelezi usiopitika kwa gari la kawaida. Januari hadi Machi msitu ni mkavu na njia ni nzuri, ila joto la kaskazi ni kali, na kufikia saa nne asubuhi ndege wengi wameshanyamaza.

Ukiniomba nikuchagulie, nitakuambia Agosti hadi mwanzoni mwa Oktoba. Hali ya hewa imepoa. Bundi yupo mwaka mzima, lakini majira hayo unaweza pia kumkuta Geokichla guttata, ndege adimu wa madoadoa anayepekua majani makavu chini ya miti na ambaye huonekana huku takriban kati ya Mei na Oktoba. Wakati huohuo ndege wa ufukweni wanaanza kurudi kutoka kaskazini kwenye Mida, hori la bahari lililo jirani na msitu. Safari moja inakupa mambo matatu.

Panga usiku usiopungua miwili. Anayefika asubuhi na kuondoka jioni anaweka matumaini yake yote kwenye saa chache, na hapo ndipo watu huanza kumshinikiza mwongozaji amkurupushe ndege.

Njia na malazi

Kutoka Nairobi, treni ya SGR hukufikisha Miritini, Mombasa. Kutoka hapo shika matatu au basi la Malindi, upite Mtwapa na Kilifi, umwambie utingo akushushe Gede. Mabasi ya moja kwa moja Nairobi hadi Malindi yapo, na Malindi ina uwanja wa ndege. Anayetoka Tanga hupita mpaka wa Horohoro na Lungalunga, kisha kivuko cha Likoni. Asisahau pasipoti au hati ya muda ya kusafiria.

Malazi yako Gede, Watamu na Malindi, ya bei za kila aina. Shirika la A Rocha Kenya lina kituo kiitwacho Mwamba hapo Watamu, ambako mara nyingi utakutana na watu wanaofanya utafiti wa ndege, na mazungumzo ya mezani peke yake ni darasa. Lala karibu na msitu. Ukilala Mombasa utafika jua limeshapanda.

Ofisi ya msitu ipo kando ya barabara kuu karibu na Gede. Hapo ndipo unapolipa kiingilio. Siku hizi malipo ya serikali nchini Kenya hufanywa kwa njia ya kielektroniki, kwa hiyo hakikisha simu yako ina pesa na chaji. Ikiwa unataka kuingia usiku, omba ruhusa mapema kupitia mwongozaji wako. Usiingie kimyakimya. Askari wa msitu wako kazini kuzuia wakata miti na wategaji, na mtu mwenye tochi vichakani usiku ataonekana kama mmoja wao.

Mwongozaji ndiye safari yenyewe

Bundi huyu hatafutwi kwa ramani. Waongozaji wa Arabuko-Sokoke wana umoja wao, na wengi wamezaliwa vijiji vinavyopakana na msitu. Alfajiri, wewe ukiwa bado umelala, mwongozaji mzuri ameshaingia vichakani kuangalia jozi ipi imelala wapi leo. Bundi hubadilisha kichaka, na anayejua vichaka vyote anavyopenda ni yule aliyemfuatilia miaka mingi.

Mpigie simu siku kadhaa kabla. Mwambie wazi unachotafuta, kiasi unachoweza kutembea na kama una usafiri, kwa kuwa upande wa magharibi uko mbali na lango na huendewa kwa gari. Kubalianeni malipo kabla ya kuanza. Mkikutana, anza na salamu. Akiwa mtu mzima, mpe shikamoo yake na umwite mzee kama wamwitavyo wenzake. Muulize habari za nyumbani na za msitu. Usianze na swali la bundi yuko wapi. Dakika hizo chache hazipotei, maana atajua amepata mgeni anayesikiliza, naye atakufungulia mengi ambayo mgeni mwenye haraka haambiwi.

Kuna sababu nyingine ya kutoingia peke yako. Arabuko-Sokoke ina tembo. Katika Cynometra huwezi kumwona tembo aliye hatua kumi mbele yako. Mwongozaji huangalia kinyesi kama bado kina unyevu, matawi yaliyovunjwa usiku huo, na upepo unavuma kutoka wapi. Akisema turudi, geuka. Usimuulize kwanza unarudi kwa nini. Sababu atakueleza mkifika kwenye gari.

Cha kubeba

Darubini ya 8x42 inafaa kuliko nyingine. Hukuza mara 8, na kioo chake cha mbele cha milimita 42 huingiza mwanga wa kutosha kwenye giza la kichaka. Zile zinazokuza mara 12 hutikisika mkononi na huonyesha eneo dogo mno. Ukiweza, chagua inayoona vizuri hata kwa mita mbili, kwa sababu bundi akiwa kichakani mtakuwa karibu naye kuliko unavyotarajia.

Vaa suruali ndefu, soksi uchopeke miguu ya suruali ndani yake, na viatu vya kufunga. Kupe wapo, siafu wapo, na matawi yana miiba. Nguo ziwe za rangi ya majani makavu au kijani iliyofifia, na zisiwe zile zinazochakarisha ukitembea. Beba maji lita mbili kwa kila mtu, kofia, dawa ya kufukuza mbu na tochi ya kichwani yenye mwanga mwekundu. Malaria ipo pwani, kwa hiyo lala ndani ya chandarua, na anayetoka maeneo yasiyo na malaria azungumze na daktari kabla ya safari.

Kwa kitabu, ule mwongozo wa ndege wa Afrika Mashariki wa Terry Stevenson na John Fanshawe unatosha. Beba pia daftari dogo na penseli. Simu huzima, penseli haizimi.

Chakula nunua Gede alfajiri: mahamri na mbaazi, viazi karai, ndizi. Mfungie na mwongozaji.

Asubuhi ya siku yenyewe

Ondokeni saa kumi na moja alfajiri ili jua liwakute msituni. Kwa kawaida mwongozaji ataanza na ndege wengine wakati wa ubaridi, kisha ataelekea kwa bundi jua likishapanda kidogo na bundi akiwa ametulia usingizini.

Mkikaribia, atakuashiria ukae pale ulipo. Ataingia mwenyewe, ameinama, akipitisha bega kati ya matawi bila kuyavunja. Kimya kinaweza kuwa kirefu. Halafu utaona mkono wake ukikuita kwa vidole. Fuata nyayo zake, ukiweka kisigino kwanza na kuhamisha uzito polepole. Akisimama, simama. Atakuonyesha kwa maneno machache: shina jembamba lile, panda mpaka penye uma, kisha kulia kiasi cha shibiri. Utatazama na kuona jani kavu. Tazama tena palepale. Jani hilo lina vishungi viwili na michirizi myembamba kama ya gamba la mti, na macho yaliyofumbwa yakabaki mistari miwili. Mara nyingi kando yake, bega kwa bega, yuko mwenzake.

Sasa shusha darubini. Mwangalie kwa macho matupu kwanza, uone amekaa kwenye mti gani, kimo gani, kivuli kinatoka upande upi. Kisha ndipo uinue darubini uangalie miguu, ndevu za mdomoni na alama za mabega. Andika baadaye. Ukianza na kamera utaondoka na picha, lakini hutajua kichaka chake kikoje.

Adabu mbele ya bundi

Haya hayana mjadala.

Msikae zaidi ya dakika tano, na msikaribiane naye zaidi ya pale alipowasimamisha mwongozaji. Bundi akifungua macho wazi, akajinyoosha akawa mwembamba na kusimamisha vishungi, ameshaogopa. Rudini nyuma taratibu.

Usitumie mwanga wa kamera, mchana wala usiku. Usikate wala kukunja tawi ili picha itoke safi. Tawi hilo ndilo paa lake. Bundi akiruka mchana, shorewanda, chozi na mramba humzonga kwa makelele, na makelele hayo huita kipanga. Pale ulipomkosesha usingizi unaweza kuwa umemkosesha uhai.

Usimpigie sauti yake kutoka kwenye simu ili aje. Yeye huisikia kama adui aliyeingia kwake, akaacha kuwinda ili alinde mipaka. Kundi moja likifanya hivyo mara moja laweza lisimdhuru, ila makundi hufuatana mwaka mzima na jozi zinazofikika kwa urahisi ni zilezile. Nenda usiku, simama njiani, zima tochi, nyamaza. Ataita mwenyewe.

Usirushe mtandaoni alama ya mahali alipolala. Andika tu msitu wa Arabuko-Sokoke, inatosha. Na mwongozaji akikuambia leo jozi imesumbuliwa vya kutosha, au wana makinda, pokea jibu hilo. Usimwongezee pesa ili abadili nia. Mwongozaji anayekataa ndiye aliyefanya bundi awepo mpaka leo.

Ukiulizwa unamtafutia nini bundi

Utaulizwa, tena na watu wema kabisa: dereva, mwenye nyumba ya wageni, mama wa mahamri. Kwetu bundi ana jina baya. Akilia juu ya paa huonekana ni uchuro, na wapo wanaompiga mawe. Usicheke imani ya mtu, wala usimsomeshe barabarani. Mwambie tu kwamba huyu wa msituni hula wadudu, kwamba yuko hapa na Usambara, na kwamba kuna vijana wa Gede na Jilore wanaolipa karo za wadogo zao kwa kumwonyesha wageni. Hoja hii ya mwisho huingia haraka.

Ndege wengine wa kuwaona kwa safari hiyohiyo

Kwenye mirihi tazama juu: mnana wa Clarke, mwenye rangi ya manjano na nyeusi, hupita makundi kwa makundi kwenye vilele. Yeye haonekani popote duniani isipokuwa Arabuko-Sokoke na msitu wa Dakatcha ulio kaskazini yake, na ilikuwa mwaka 2013 tu ndipo viota vyake vilipogunduliwa, kwenye bwawa la msimu huko Dakatcha. Pamoja naye huweza kuwepo chozi wa Amani, aliyepewa jina la Amani ya Muheza. Chini, kwenye majani, tafuta Anthus sokokensis, kindege chenye michirizi kifuani kinachotembea kuliko kuruka. Kulukulu wa Fischer utamsikia kabla ya kumwona. Na ukisikia majani makavu yakichakarika kwa kasi, huenda ni sange wa kiuno cha dhahabu, mnyama mwenye pua ndefu anayepatikana misitu hii ya pwani ya Kenya.

Alasiri nenda Mida. Hapa saa si muhimu kama maji. Uliza wavuvi maji yanajaa saa ngapi, uwe kwenye daraja la mbao lililopita katikati ya mikoko maji yanapoanza kupanda. Yakipwa, ndege wametapakaa mbali kwenye tope. Yakijaa, husogezwa karibu nawe. Kuanzia Agosti hadi Aprili utaona huko yule ndege mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene wa kuvunjia kaa, anayeitwa Dromas ardeola. Huzaliana kwenye fukwe za mchanga za Uarabuni, Oman ikiwemo, kisha huja kukaa kwetu.

Pesa yako iende wapi

Lala kwa wenyeji, kula kwa wenyeji, mlipe mwongozaji anachostahili na umpe bakshishi kama amefanya kazi. Nunua asali Gede kwenye mradi wa Kipepeo, ambao tangu 1993 umewapa wakulima wa kando ya msitu kipato cha kufuga vipepeo na kuuza mabundo (pupa) yao nje. Kiingilio cha daraja la Mida huchangia mpango wa ASSETS, unaowalipia karo ya sekondari watoto wa familia zinazopakana na msitu na hori. Familia hizi ndizo huliwa mazao na tembo, na ndizo huombwa zisikate mti hata siku ambayo hakuna kuni. Wanapouona msitu ukisomesha mtoto, ombi hilo linabebeka.

Ukirudi nyumbani, peleka orodha yako ya ndege kwenye eBird au kwenye mradi wa ramani ya ndege wa Kenya, hata kama bundi hukumwona. Siku ambayo hakuonekana nayo ni taarifa, na watafiti huihitaji kupima kama anapungua. Kama bado hujazoea darubini, anza na matembezi ya kila Jumatano asubuhi ya Nature Kenya, yanayoanzia makumbusho ya Nairobi. Huko utajifunza kutazama pamoja na watu wanaojua.

Halafu funga safari. Mpeleke na mtoto mmoja ambaye hajawahi kuambiwa neno jema juu ya bundi. Msitu huu utalindwa na watu wanaoujua, na wengi wao bado hawajafika.